Ndiyo Isiyorudi

Iko nchi moja ambayo jina lake limeachwa hapa kwa adabu tu, maana wenyewe wanaijua na majirani zake wanaijua. Katika nchi hiyo mambo huenda vizuri. Yakienda vibaya, Bunge hukutana likaazimia kwamba yameenda vizuri, na basi yanakuwa yameenda vizuri.

Mwaka huo walichagua rais. Wagombea walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Mtukufu Kibwete Mang'ola, aliyekaa Ikulu muda mrefu kiasi kwamba wakwe zake walizaliwa akiwa tayari yumo. Mwingine alikuwa Daktari Evodi Masanzu wa upinzani, mtu mwembamba mwenye sauti ya msoma utabiri wa hali ya hewa, ambaye hakuwa na kosa lolote linalojulikana kwa kuwa hakuwahi kupewa nafasi ya kulitenda.

Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi alikuwa mtu wa heshima na mwoga. Kabla ya kutangaza matokeo alitembelewa na watu wa Mtukufu, wakamweleza jinsi wanavyoipenda familia yake na jinsi wanavyojua watoto wanasoma shule gani. Walipoondoka wakaja vijana wa Daktari Masanzu, wakakaa nje ya geti wakiimba wimbo wenye jina la Mwenyekiti ndani. Mwenyekiti alifikiri sana. Kisha akatoka mbele ya kamera, akafuta miwani, akatangaza kwamba wagombea wote wawili wamepata kura sawasawa, hakuna aliyemzidi mwenzake hata kwa moja, na kwamba wananchi wanastahili pongezi kwa uangalifu huo.

Katiba ya nchi ilikuwa na jibu. Ilisema wagombea wakifungana, Bunge litamchagua mmoja wao kwa wingi wa sauti. Si kwa kura ya siri. Kura ya siri ilikuwa imefutwa zamani kwa kuwa ilionekana ni tabia ya watu wenye siri. Na chama cha Mtukufu kilikuwa na wabunge wengi hata wengine walikosa viti wakawa wanakaa kwenye ngazi. Upinzani ulikuwa na benchi moja, karibu na mlango wa choo.

Kwa hiyo mshindi alijulikana. Mpishi wa Ikulu akaanza kukanda unga wa keki. Fundi akaitwa kupunguza joho la kuapishwa kiunoni, halafu akaitwa tena kuliongeza. Naye Spika wa Bunge, Hilari Ndubata, akatunga wimbo wa pongezi, akaukusanyia kwaya ya wabunge, na akauongoza mwenyewe kwa sauti ya kwanza kwa siku nyingi mfululizo, mpaka sauti yake ikakauka kabisa. Daktari wa Bunge alimfunga skafu shingoni, akamkataza kutamka hata salamu.

Ndipo kazi ya kuendesha kikao ikamwangukia Naibu Spika. Hakuna aliyejali. Naibu Spika alikuwa Sekela Mwaluvi, na Sekela Mwaluvi hakuwa na neno.

*

Kutokuwa na neno ndiko kulikompa cheo.

Alitoka Ipundi, kijiji kilichokuwa nyuma ya kilima cha Ikulu. Kilikuwa na migomba, kahawa kidogo na kisima cha maji baridi ambayo watu wa mbali walikuja kuyaonja wakati wa kiangazi. Siku hizi Ipundi si kijiji. Ni uwanja wa gofu.

Vijana wa Wizara ndio waliotangulia kufika, wakiwa na ndoo ya rangi nyekundu. Walichora alama ya X kwenye kila ukuta, kwenye milango ya vyoo, mpaka kwenye banda la kuku la mama yake Sekela. Halafu akaja Mtukufu mwenyewe, kwa kuwa aliwapenda wananchi na alipenda waarifiwe ana kwa ana. Bi. Tulinagwe, mama yake Sekela, alikuwa barazani akichambua maharage. Aliinuka, akajifunga kanga yake vizuri, akauliza kwa heshima zote:

"Baba, sasa sisi tutakwenda wapi?"

Mtukufu alicheka kwa upole. "Mama," akasema, "nchi ni kubwa."

Maneno hayo yalionekana yana hekima. Mwaka uliofuata yalichapwa kwenye kalenda ya Ikulu, chini ya picha ya twiga.

Watu wa Ipundi walikwenda bungeni kulalamika, Sekela akiwa nao kwenye roshani ya wageni. Aliyesimama kuwajibu alikuwa Petro Kidamba, Mnadhimu Mkuu, yaani yule mwenye kazi ya kuhakikisha wabunge wa chama tawala wanasema kitu kimoja kwa wakati mmoja. Alikuwa mtu mnene mwenye leso nyeupe. Aliwaeleza kwamba Bunge lilishasema ndiyo kuhusu uwanja, na ili kuwaepusha wananchi na taabu ya kutumaini, siku hiyohiyo angewasilisha Sheria ya Ndiyo Kutorudi. Jambo likishaitikiwa ndiyo ndani ya ukumbi, hakuna mahakama, kikao wala mtu atakayelirudisha. Mzee mmoja wa Ipundi aliuliza kama sheria hiyo haikutungwa kwa ajili yao. Kidamba alisema hapana, sheria haichagui sura. Ikapita kwa ndiyo.

Bi. Tulinagwe alifia kwenye hema la msaada kabla mvua hazijaisha. Watu wake walimrudisha wakamzika nyuma ya nyumba yake, kando ya kisima, uzio ukiwa bado haujafika. Baadaye nyumba ikabomolewa, kisima kikafukiwa, na juu ya vyote zikatandazwa nyasi zilizoagizwa kwa ndege. Pale alipolala pakawa hatua chache tu kutoka shimo la saba, lenye kibendera cha njano.

Magazeti yalipoanza kunung'unika, Mtukufu aliwatolea watu wa Ipundi fidia: nafasi moja bungeni. Walipoteza kijiji, wakapata mbunge. Sekela, mwalimu wa chuo cha ualimu, ndiye aliyeteuliwa, kwa kuwa kwenye mazishi ya mama yake alionekana akilia bila kelele. Akakubali. Jamaa zake wengine walimsema vibaya kwa hilo, na yeye hakujitetea. Hakuwaambia kwamba uwanja ule waliruhusiwa kuingia wabunge tu.

Kila Jumamosi alitembea nyuma ya wachezaji kama mtu anayejifunza mchezo. Akifika shimo la saba aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu.

"Shikamoo, mama," alinong'ona, kisha akainuka akawafuata wenzake.

Jumamosi moja alijikaza akamsogelea Mtukufu. "Mtukufu, samahani. Hapa amelala mama yangu. Ningeomba kuweka mawe machache pembeni, pasikanyagwe."

Mtukufu alitazama nyasi, akatazama kibendera, akapima kwa jicho. "Mawe yatapotosha mpira," alisema. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa huruma, akaongeza, "Lakini hebu fikiria, Mheshimiwa, mama yako ana bahati. Wenzake makaburini wamelala peke yao. Yeye anatembelewa na viongozi."

Waliokuwapo walicheka. Kidamba alicheka mpaka akatoa leso kufuta machozi. Sekela naye alitabasamu, maana ndivyo alivyozoea. Mtukufu akapiga mpira, ukabiringika juu ya Bi. Tulinagwe, ukatumbukia shimoni. Wakapiga makofi.

Tangu hapo kila mtu alisema Mheshimiwa Sekela amezidi kuwa mpole, na kiti cha Naibu Spika kilipobaki wazi akapewa yeye.

*

Katika Bunge hilo kulikuwa na mbunge marehemu. Jina lake Gwakisa, na alikuwa mzima wa afya. Miaka kadhaa kabla ya hapo, katika hoja ya rambirambi, mtu alikosea akaandika jina lake badala ya jina la mbunge aliyefariki. Sekela ndiye aliyekuwa amekalia kiti siku hiyo. Aliisoma hoja kama alivyopewa, akaomba wanaoafiki waseme ndiyo, na ukumbi mzima ukasema ndiyo, Gwakisa mwenyewe akiwamo, kwa kuwa alikuwa kwenye simu. Alipogundua, sheria ilikuwa imeshambana. Tangu siku hiyo aliingia ukumbini kama kawaida, lakini aliitwa Marehemu Mheshimiwa, na kila mwaka walisimama dakika moja kumkumbuka. Naye alisimama nao.

Wengine walilichukulia jambo hilo kama kichekesho. Sekela alilichukulia kama somo. Kutoka kwenye kile kiti kirefu aliona vizuri kwamba wale waheshimiwa walikuwa wamefunzwa neno moja tu. Waliposikia "wanaoafiki", midomo ilifunguka yenyewe. Kilichosemwa kabla ya neno hilo hakikuwahusu.

Siku moja kabla ya kikao cha kuchagua rais alimkuta Kidamba kwenye mgahawa wa Bunge, mbele ya sahani ya sambusa.

"Mheshimiwa Mnadhimu, shikamoo. Samahani kukukatiza. Kesho nianze na jina la nani?"

"Jina la nani vipi?"

"Majina ni mawili. Sijui nianze na lipi."

Kidamba alimtazama kama mtu anayemtazama mtoto wa dada yake. "Sekela, dada yangu, umekaa mjini muda wote huu hujui itifaki? Mgeni rasmi huingia wa mwisho. Huongea wa mwisho. Hutajwa wa mwisho. Unataka kumtaja Mtukufu kwanza kana kwamba ni mshereheshaji wa harusi?"

"Kwa hiyo nianze na Daktari Masanzu."

"Anza na huyo, mtoe njiani. Halafu mlete Mtukufu taratibu, kwa uzito wake."

"Na waheshimiwa wanajua?"

"Wanajua nini?"

"Kwamba Mtukufu atakuwa wa pili."

Kidamba alicheka, vipande vya sambusa vikamdondokea tumboni. "Wale nimewafundisha mwenyewe. Neno likitoka, sauti inatoka. Wewe soma tu."

"Nilitaka kuwa na hakika, Mheshimiwa."

"Hakika unayo. Chukua sambusa."

Alichukua, akasema asante, akaila yote.

*

Siku yenyewe bendi ya polisi ilipangwa nje ya ukumbi, na keki ikaletwa kwa lori la jeshi. Mtukufu alibaki Ikulu mbele ya televisheni, akiwa amevaa joho, fundi amepiga magoti akimalizia upindo. Spika Ndubata aliketi kando ya Sekela na skafu yake, akinywa tangawizi. Kidamba alikuwa ameinama chini ya meza yake akigawa vibendera vya kupeperusha.

Sekela alisimama. Alikuwa ameshaamua asimwibie mtu. Angesoma pole pole, kwa sauti ya darasani, na angerudia. Mwenye masikio angesikia.

"Waheshimiwa Wabunge," alisema, "swali lililo mbele yenu ni kwamba Daktari Evodi Masanzu, narudia, Daktari Evodi Masanzu, awe Rais wa Jamhuri." Akangoja kidogo. Mbunge mmoja alikuwa akikata kucha. Mwingine alimwonyesha jirani yake picha ya shamba. "Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyoooo."

Vioo vya madirisha vilitetemeka. Ndiyo ilitoka kwenye viti, ikatoka kwenye ngazi, ikatoka chini ya meza ya Mnadhimu Mkuu.

Aliyesikia alikuwa Spika peke yake, maana kwa kukosa sauti alikuwa amejikuta akisikiliza. Aliruka kutoka kitini. Alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Akaanza kupiga meza kwa viganja viwili kwa nguvu zake zote. Lakini katika ukumbi ule kupiga meza ni dalili ya furaha, na Spika akifurahi haifai kumwacha peke yake. Meza zote zikapigwa.

Sekela alingoja zinyamaze. "Wasioafiki waseme siyo."

"Siyo," likasema benchi la upinzani kwa ukali, kama kawaida yao. Hawakuwahi kuafiki kitu tangu waingie humo, na aliyepaza sauti kuliko wote alikuwa mdogo wake Daktari Masanzu, baba mmoja mama mmoja.

"Nafikiri walioafiki wameshinda," alisema Sekela, akagonga nyundo. "Walioafiki wameshinda."

Kutoka kwenye ngazi mtu aliuliza mwenzake, "Ameshinda nani?"

"Huyo aliyetajwa."

"Alitajwa nani?"

Nje, bendi ya polisi, iliyoambiwa isikilize makelele ya meza, ikapiga wimbo wa taifa.

Kidamba aliibuka kutoka chini ya meza, vibendera mkononi. "Mheshimiwa Naibu Spika, utaratibu. Hatujafika kwa Mtukufu."

"Nafasi ilikuwa moja, Mheshimiwa, na imeshajazwa."

"Basi tuirudishe tuanze upya. Wabunge hawakusikia."

"Sauti nimeisikia mimi, na bendi imeisikia." Sekela alishusha miwani yake. "Unaikumbuka Sheria ya Ndiyo Kutorudi? Uliileta wewe."

"Ile ilikuwa ya watu wa Ipundi."

"Siku ile nilikuwa pale juu, kwenye roshani. Mzee mmoja alikuuliza hivyohivyo. Ulimjibu kwamba sheria haichagui sura."

Kidamba alitoa leso akafuta shingo. "Dada yangu," alisema kwa sauti ya chini, "utatuua."

"Aliyekufa humu ni Mheshimiwa Gwakisa tu," alisema Sekela, "na mlishindwa kumfufua."

"Nimeomba mara nyingi," alisema Marehemu Mheshimiwa kutoka kwenye ngazi.

*

Mtukufu alikwenda mahakamani akiwa bado na pini za fundi kwenye joho. Jaji Mkuu alimpokea kwa majonzi makubwa, akamwonyesha sheria na saini iliyokuwa chini yake, ambayo ilikuwa ya Mtukufu mwenyewe, nzuri, yenye mkia mrefu.

Kabla ya chakula cha mchana wabunge wengi walikuwa wamegundua kwamba walimwafiki Daktari Masanzu tangu zamani, ila hawakuwa wameulizwa. Walihamia chama chake wote kwa pamoja, hivyo wingi ukabaki palepale ulipokuwa, na wapinzani wa zamani wakabaki na benchi lao karibu na choo kwa kukosa nafasi kwingine. Kidamba alibadilisha leso, akaja na ya kijani. Jina lililokuwa juu ya keki lilikwanguliwa kwa kisu na likaandikwa jingine. Wimbo wa pongezi haukuhitaji kubadilishwa, kwa kuwa haukuwa na jambo lolote la kweli ndani yake.

Wabunge wakiwa bado na hamu ya kuafiki, na Spika akiwa bado bubu, Sekela alileta hoja fupi: kwamba ardhi ya Ipundi irudi kwa watu wa Ipundi, pamoja na chochote kilichosimama juu yake. Ndiyo ya zamani ilikuwa ya kujenga uwanja, na uwanja ulishajengwa; kuhusu mwenye ardhi Bunge halikuwahi kuulizwa. Rais mpya alikuwa akipimwa suti, hakuisoma. Safari hii Sekela hakusoma pole pole.

"Ndiyoooo."

Kilichosimama juu yake kilikuwa jumba la kustaafia la Mtukufu, lenye nguzo nane mbele na samaki wa saruji anayetema maji.

*

Asubuhi iliyofuata Sekela alikwenda mwenyewe, na ndoo ya rangi nyekundu. Wizara ilitaka kutuma vijana, akasema hapana. Watu wa Ipundi walikuja nyuma yake na majembe, na mawe kwenye mikokoteni, wakasimama mbali kidogo wakimtazama.

Alianza na nguzo. X ya kwanza ilichirizika, ya pili ikakaa vizuri. Alichora milango, akachora samaki. Alikuwa kwenye banda la mbwa Mzee Mang'ola alipotoka kwa mlango wa mbele, amevaa kaptula ya gofu.

"Mheshimiwa Sekela. Mpaka banda la mbwa?"

"Kwetu mlichora mpaka la kuku, mzee."

"Mimi sikuchora. Waliochora ni vijana."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Mzee alimtazama akimalizia mstari wa pili wa X. Mbwa naye alimtazama. "Binti yangu," alisema mzee, na sauti ilikuwa imepungua, "mimi ni mtu mzima. Nyumba nyingine zote ni za serikali. Sasa mimi nitakwenda wapi?"

Sekela aliweka brashi juu ya ndoo. Jibu la swali hilo alikuwa amelisema kimoyomoyo Jumamosi nyingi, akiwa ameinama kwenye kamba za viatu vyake. Aligeuka, akamtazama usoni kwa upole uleule uliompa cheo.

"Mzee," alisema, "nchi ni kubwa."

Kisha akangoja huruma imshike. Alijijua, ilimshika hata kwa kuku waliochinjwa. Alingoja mpaka mzee akageuka akaingia ndani kukusanya vitu vyake. Haikuja. Alichosikia kifuani kilikuwa kama shibe.

Akaenda shimo la saba, akang'oa kibendera cha njano, akakitupa. Watu wake wakaleta mawe. Wakayapanga kuzunguka mahali pale, mawe makubwa, na mpira wowote ambao ungekuja hapo ungepotoka.

"Shikamoo, mama," alisema, safari hii kwa sauti.

Walikuwa bado wamepiga magoti msafara ulipofika. Rais mpya, Mtukufu Evodi Masanzu, aliteremka kwa ajili ya picha, Kidamba akimfuata na leso yake ya kijani. Walimpiga picha akishika jembe. Alipolirudisha kwa wenyewe alibaki akitembea huku na huku, akibonyeza nyasi kwa ncha ya kiatu.

"Zimetunzwa hizi," alisema.

"Ziliagizwa kwa ndege, Mtukufu," alisema Kidamba.

"Mheshimiwa Sekela, ardhi ni yenu, hilo limekwisha. Ila nafikiria tu. Kuzilima zote itakuwa hasara kwa taifa. Kile kipande cha kule bondeni, kwa mfano. Padogo tu, pa viongozi kupumzikia."

"Wazo la hekima sana, Mtukufu," alisema Kidamba.

Sekela alitazama bondeni, akatazama ndoo yake. Rangi ilikuwa imebaki nusu.

"Tutaliuliza Bunge, Mtukufu," alisema.

Akaichukua ndoo, akaiweka kivulini, akarudishia mfuniko na kuukandamiza kwa kisigino pande zote, rangi isikauke.